Nyaya Nyekundu za Lori la Maji

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, lakini zishike kwa ncha za vidole, maana zinatoka kwenye mikono yenye grisi. Mimi ni mzima. Baba naye ni mzima, anakula, analala, na bado anagombana na mlango wa stoo kana kwamba ni mtu. Hofu yangu iko kwenu. Wifi anaendeleaje? Lile jeraha la upasuaji limefunga sawasawa, au bado linamkata akiinama? Mwambie asithubutu kunyanyua ndoo, hata kama amechoka kukaa. Na wewe je, usingizi umerudi?

Ujumbe wako niliupata. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti, nikausoma tena. Umesema hutapiga tena simu huku nyumbani, na kwamba Baba akiulizwa ana watoto wangapi, aseme mmoja. Umenieleza na jibu alilokupa siku ile ulipompigia. Kaka, lile jibu mimi sikuwa nimelijua mpaka uliponiandikia. Lilinichoma. Nilizunguka nalo gereji nzima nikimtazama Baba kwa pembeni, nikijiuliza mtu anayembembeleza paka wa jirani atoke chini ya gari anawezaje kumjibu mwanawe vile.

Nisingeweza kukujibu kwa simu, kwa hiyo nimekaa chini na kalamu. Nivumilie kidogo. Nitakusimulia kwanza habari ya lori, kwa sababu jibu la swali lako nililikuta barabarani, nikiwa na lori hilo hilo.

Unamkumbuka Mama Tangi, yule anayepeleka maji kwenye mitaa ya juu kilimani, ambako mabomba hayajafika? Sasa ana lori jipya, yaani jipya kwake. Watu wanaliita Kifaru kwa jinsi uso wake ulivyokunjamana. Halitumii dizeli kama malori mengi. Ni la petroli, kwa hiyo lina plagi na nyaya za plagi kama gari dogo, isipokuwa limefungwa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iishindilie injini hewa. Mama Tangi alilileta akiwa amefura. Alisema Kifaru akiwa mtupu anakimbia kama ameibiwa, lakini akibeba maji, akifika pale barabara inapoanza kupanda na tabo ikaanza kuvuma, basi injini inakohoa, inarusha kichwa, na nguvu zote zinayeyuka. Mafundi wengine walishabadilisha chujio la mafuta, wakabadilisha na plagi. Wa mwisho alimshauri auze. Mama Tangi akamwambia auze yeye shati lake.

Baba alifungua boneti. Unajua jina lake la Sikio lilivyopatikana, jinsi alivyokuwa akikaa kwenye benchi lake na kuitambua vali iliyolegea kwenye gari linalopita ng'ambo ya barabara. Safari hii hakuinamisha kichwa kama zamani. Aliweka kiganja juu ya injini, akafumba macho. Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma, na mpini, badala ya kuuweka sikioni, akauuma kwa meno. Nilicheka. Nikamuuliza kama njaa imemzidi. Hakunijibu, nami nikajua ni ufundi mpya. Siku hiyo hiyo nilijaribu kuuma bisibisi yangu nikiwa peke yangu, na kwa kweli, Kaka, injini inapita kwenye meno mpaka ndani ya fuvu. Usicheke, jaribu.

Swali lililonikera lilikuwa moja: kwa nini liwe na mzigo tu? Waya mbovu si mbovu popote? Nilimfuata Baba na swali hilo mpaka akaweka chini kikombe chake. Akaniambia nifikirie mtu anayetaka kuvuka chumba. Chumba kikiwa kitupu, anavuka akipiga mluzi. Kikijaa watu wamebanana bega kwa bega, lazima atumie nguvu. Tabo ndiyo inayojaza watu chumbani. Hewa inashindiliwa ndani ya silinda, na cheche ya plagi inayotaka kuruka inakuta njia imebanwa. Sasa umeme ni mvivu, ukiona mbele kuna msukumano, unatafuta mlango wa uani. Na koti la waya likiwa na ufa, mlango wa uani ndio huo.

Tukafunga lango kubwa la gereji mchana kweupe, tukaning'iniza turubai kwenye madirisha, ndani kukawa giza la pango. Niliwasha Kifaru, Baba akachukua ile chupa ya kupulizia maji, akawa anapulizia ukungu mwembamba juu ya nyaya. Laiti ungeona! Nyuzi za buluu zilianza kurukaruka, zikitoka kwenye waya na kuingia kwenye chuma, hapa, pale, zikizima, zikiwaka, kama vile injini imevaa shanga. Nilisahau kabisa kwamba ni ubovu. Mama Tangi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu ameshika mkoba kifuani, akauliza kwa sauti ndogo, "Yaani huo ndio moto ninaoununulia petroli? Unacheza ngoma nje ya nyumba?"

Basi ikawa nyaya. Tukaenda kwa muuza spea wa kona, yule tuliyempachika jina la Waranti kwa sababu hajawahi kumpa mtu hata karatasi ya dhamana. Alitandaza aina tatu juu ya kaunta. Za kwanza nyeusi, za kawaida, kama zile zilizokufa. Za pili nyekundu, nene kama kidole changu, zinang'aa hata mtu asiye na gari angezitamani. Za tatu za kijivu, zimenyamaza tu pale kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Unanijua, siwezi kununua kitu bila kujua tumboni kina nini. Nikamsumbua Waranti mpaka akanipa vipande vya mabaki, nikavipasua kwa kisu pale pale kaunta. Ndani ya ule mweusi kulikuwa na uzi uliopakwa masizi magumu. Ndani ya ule mwekundu, shaba tupu, nzuri, ya kupendeza. Ndani ya ule wa kijivu kulikuwa na kijiwaya chembamba kama unywele, kimezungushwa kwenye kiini mizunguko isiyohesabika, kama springi ya kalamu, juu yake koti la mpira laini usioogopa moto. Nikatoa mita ya umeme, nikapima. Mweusi ulikuwa unauzuia umeme kwelikweli. Wa kijivu unazuia kidogo. Mwekundu haukuzuia kitu, mshale uliruka moja kwa moja hadi kwenye sifuri.

Nikaona jambo limekwisha. Kama cheche ya Kifaru inahitaji nguvu, kwa nini niiwekee mtu wa kuizuia njiani? Waranti akaniunga mkono kwa viapo vyote anavyovijua, akasema nyekundu ndizo wanazotumia watu wa mashindano. Baba wakati huo alikuwa amesimama akiutazama mdomo wa Waranti, akiutazama hasa, kama mtu anayesoma bango kwa mbali. Nilimuuliza anaonaje. Alichelewa kujibu, nikarudia. Akasema, "Chagua wewe. Fundi asiyechagua ni mshika tochi tu." Nikachagua nyekundu. Nilijiona nimekuwa mkubwa.

Nilizifunga mwenyewe. Nikapiga stata, Kifaru akaamka kwa sauti nzito iliyonyooka, sauti ambayo Mama Tangi alisema hajawahi kuisikia tangu alinunue. Redio yake ilianza kuchachatika kama vitunguu kwenye mafuta ya moto, lakini akasema redio haipandi mlima, niiache. Taa moja ya injini pale kwenye dashibodi iliwaka, ikazima, nami nikajisemea kwamba na yenyewe imeshtuka kwa furaha.

Aliyenishangaza ni Baba. Injini ilipowaka tu, alishtuka kama aliyeumwa na siafu, mkono ukaruka kwenye kofia yake. Siku hizi anavaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, jua liwake mvua inyeshe, nami nilikuwa nimeshaacha kumuuliza. Akatoka nje mpaka getini. Nikazima injini, akarudi. Nikawasha, akatoka. Nilipomuuliza akasema ni kichwa tu. Kaka, mimi kitu cha namna hiyo siwezi kukiacha. Kulikuwa na gari jingine pale gereji, ekzosi yake imetoboka, linanguruma mpaka vikombe vinatembea mezani. Nikaliwasha kwa makusudi. Baba hata hakugeuka. Aliendelea kusafisha spana zake akiwa amelipa mgongo. Nikarudi kwa Kifaru, ambaye sauti yake ilikuwa ya kistaarabu zaidi mara kumi, nikawasha, Baba akakimbia. Injini gani hii, nikajiuliza, inayomfukuza mtu bila kelele? Nikadhani labda moshi unavuja. Nilikagua bomba lote kwa sabuni na maji. Hakuna kilichovuja.

Kesho yake tulikwenda kumjaribu mlimani, tangi limejaa mpaka mdomoni. Niliendesha mimi, Mama Tangi akakaa katikati, Baba mlangoni. Kabla hajapanda, nilimwona akigeuka upande, akaingiza kidole chini ya kofia kama anayejikuna. Akapanda, ametulia kabisa. Nikafurahi kwamba kichwa kimepona. Nilimsemesha njiani mara kadhaa, akawa anatazama mbele tu. Nikajua anaisikiliza injini.

Na injini ilistahili kusikilizwa. Tabo iliposhika, Kifaru alipanda kama anavutwa na kamba kutoka juu. Mama Tangi alianza kuimba, akipiga makofi kwenye mkoba wake. Tulipita mahali alipozoea kukohoa, tukapita na pale alipozoea kufa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyojisifu kwa Waranti. Halafu kwenye kona ya juu kabisa, ile kali, taa ya injini ikawaka ikabaki, Kifaru akaruka mara moja, mbili, akazimika kama mshumaa. Nilikanyaga breki, nikavuta handibreki. Lori likasimama, lakini ukiwa na tangi lililojaa kwenye mteremko huwezi kuiamini handibreki peke yake. Baba analijua hilo kuliko mimi. Kabla sijafungua mdomo alishateremka na gogo la kuzuia tairi, akazunguka nyuma, akapiga magoti upande wa katikati ya barabara, akaanza kulishindilia.

Hapo ndipo nilipoiona pikapu. Ilikuwa inashuka, dereva ameikata kona kwa upana, anakuja upande wetu. Akapiga honi, honi ndefu isiyokatika. Mama Tangi akapiga ukelele. Mimi nikatoa kichwa dirishani nikaita, "Baba! Toka hapo! Baba!"

Baba hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti, analipima gogo kwa jicho, taratibu, kama mtu aliye peke yake duniani.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nimeishika ovaroli yake mgongoni kwa mikono yote miwili na kujitupa nayo chini ya tangi. Pikapu ilipita ikalikumba lile gogo likaruka mtaroni. Tukabaki tumelala chini, mimi juu yake, maji ya tangi yakitudondokea shingoni tone tone. Kwanza Baba alikasirika. "We mtoto una wazimu? Unanivuta nini?" Kisha akaona pikapu imesimama kule chini, dereva anashuka, akaona na gogo lilikotua.

Mama Tangi, Mungu ampe maisha marefu, alitafuta jiwe la kuzuia tairi kabla ya kutafuta maneno. Baba akaketi kwenye ngazi ya lori. Akaivua ile kofia. Akaingiza kidole sikioni, akatoa kitu kidogo cha rangi ya ngozi, kama punje ya haragwe yenye mkia, akanionyesha kwenye kiganja.

"Nilikizima," akasema. "Hizo nyaya zako zinakaanga humu kichwani. Nisingeweza kuvumilia mlima mzima."

Ni kifaa cha kusikilizia, Kaka. Baba hasikii. Sikio zima la kushoto limekwenda, na la kulia limebaki na kasehemu tu. Alisema lilianza zamani, kidogo kidogo, tangu Mama angali hai, na Mama ndiye aliyekuwa akimkonyeza watu wakimwita. Mama alipotutoka, alibaki peke yake na siri yake. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mimi ninayelala nyumba moja naye, alicheka bila furaha. Akaniuliza fundi anayeitwa Sikio akitangaza kwamba hana masikio, nani atamletea injini.

Mama Tangi alimkata pale pale. Alisimama mbele yake akapanua mdomo kama anayemfundisha mtoto kusoma, akamwambia, "Mimi lori nililileta kwa mikono yako. Mume wangu ana masikio mazima mawili, na hajanisikia tangu tuoane!" Baba alicheka safari hii kwa kweli, mpaka akajishika mbavu.

Tukamwaga mzigo ili tuweze kurudi. Watu wa nyumba za karibu walitoka na ndoo, mabeseni, hata sufuria yenye mpini uliovunjika, na yule dereva wa pikapu akawa anawapangia foleni kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mimi nilisimama kwenye boneti nikizitazama nyaya zangu nyekundu. Na Kaka, hapo ndipo yote yalipokaa mahali pake. Umeme ukipita kwenye shaba tupu kwa kishindo, haukai ndani ya waya. Unarusha mawimbi pembeni, kila unapopiga cheche. Redio ilikuwa inayadaka. Kifaa cha Baba kilikuwa kinayadaka. Na ile kompyuta ya injini, inayohesabu mizunguko ili ijue wakati wa kupiga cheche, nayo ilikuwa inayadaka, mpaka mlimani ikapoteza hesabu na kukata tamaa. Wote watatu walikuwa wananiambia jambo moja. Mimi nilikagua moshi.

Nilimwomba Baba msamaha. Akaniambia sikukosea kupima, nimepima nusu. Nimeuliza umeme utapitaje, sikuuliza ukipita utamwamsha nani.

Waranti alikataa kuzipokea nyekundu, kama tulivyotarajia. Tukachukua zile za kijivu. Ule uzi wake uliojizungusha unauachia umeme wa kutosha upite, huku ukiyanyamazisha yale mawimbi. Na lile koti lake laini linavumilia joto la tabo, jambo ambalo zile nyeusi za kwanza hazikuliweza, ndiyo maana zilipasuka. Safari hii sikuharakisha. Nilichagua kila waya kwa urefu wake, usivutike wala usining'inie. Nikahakikisha kofia ya kila waya inaingia kwenye plagi mpaka inalia tii. Nikazipitisha mbali na tabo, na ule mmoja usio na pa kukwepa nikauvisha soksi ya kuzuia moto. Baba akapunguza kidogo mwanya wa plagi, ili cheche isiwe na safari ndefu kwenye chumba kilichojaa. Kisha akasimama karibu kabisa na injini, kifaa chake kikiwa kimewashwa, akaniambia nipige stata. Nilimtazama usoni wala sikuitazama injini. Hakushtuka. Alitabasamu akanionyesha kidole gumba. Kifaru sasa anapanda na kushuka kila siku, na redio ya Mama Tangi inaimba hadi kero.

Sasa nije kwako.

Siku hiyo baada ya Kifaru kuondoka, nilimkalisha Baba kwenye benchi, nikakaa mbele yake uso kwa uso, kwa sababu nimeshajifunza kwamba anasikia kwa macho. Nikamuuliza simu anasikiaje. Akajibu hasikii. Kile kifaa chake kwenye simu kinatoa mluzi na upepo tu. Akiona picha yako kwenye kioo anajua ni wewe, anapokea kwa haraka asije akakukosa, na anachosikia ni sauti yako ikipanda na kushuka, bila maneno, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Anafurahi kuisikia hivyo hivyo. Kukwambia urudie aliogopa, kwa sababu ungerudia, na angeshindwa tena, na ungejua. Kwa hiyo amejichagulia maneno yanayofaa mahali pengi. Akanitajia. Niliyatambua kabla hajamaliza, kwa sababu ndiyo uliyoniandikia.

Nikamwambia, Kaka. Nilimwambia polepole, midomo yangu ikionekana. Kwamba siku ile ulikuwa umesimama kwenye korido ya hospitali, mkeo ameshaingizwa chumba cha upasuaji, daktari amekwambia hana uhakika, na mtu wa kwanza uliyemtafuta alikuwa yeye. Kwamba ulimwambia, "Baba, naogopa, njoo." Na kwamba yeye alikujibu, "Haya mwanangu, vizuri sana, msalimie," akakata.

Hakuwa anajua lolote. Wewe uliniambia umeshamweleza, na mimi nilipoona hazungumzii nilidhani ndivyo anavyobeba mambo yake. Alinifanya nirudie. Niliporudia alinyanyua mkono nisiendelee. Aliinuka, akaenda kunawa, akajisugua mpaka viwikoni, akarudi akakaa, akainuka tena akaenda kunawa mikono iliyokwisha takata. Kisha akauliza kama wifi yu hai. Nikamwambia yu hai na anapona. Akauliza, "Na yeye alikuwa na nani pale koridoni?" Nikamwambia hakuwa na mtu. Hapo ndipo alipolia. Mimi sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika Mama.

Sikuandikii ili nikulazimishe umsamehe. Kaa nalo upendavyo. Nimeona tu si haki uendelee kumchukia mtu kwa maneno ambayo hakuwa anakujibu wewe, alikuwa anaujibu upepo.

Ameshanunua tiketi. Anakuja na basi la Ijumaa, peke yake, amekataa nimsindikize. Ukimpokea usimwite kwa nyuma, nenda mbele yake umguse bega. Ukae naye mahali penye mwanga, midomo yako aione, na usipige kelele, haisaidii. Na ameniagiza ombi, nami naliandika kama alivyolisema. Anaomba umweleze tena habari ile, yote, tangu mwanzo, kama vile imetokea leo asubuhi. Hata kama imeshapita, hata kama wifi amekaa pale pembeni anakunywa chai. Anasema anataka kuisikia, ili akujibu.

Nisalimie wifi sana, umwambie mkwewe anakuja na blanketi alilomshonea mwenyewe kwa mikono ya kifundi, mishono imeenda upande, alipokee hivyo hivyo. Mama Tangi anakusalimu, na jirani mwenye paka pia. Nakutakieni afya na usingizi mtulivu, ninyi nyote.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
nikiwa gerejini.